Mwaka Nilioogopa Mkasi

Nianze kwa kuomba radhi kwa atakayeshika karatasi hizi. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya kwenda Ileje, na yapo maneno ambayo mpaka leo sijui kama yanaandikwa kwa r au kwa l, maana mdomoni mwangu, mtu wa Isansa, sauti ni ile ile. Shule yangu iliishia darasa la saba. Tangu hapo kalamu nimeishika kwa kuandika vipimo vya viuno na mabega ya watu tu. Basi asomaye asome polepole kama nilivyoandika polepole, na pale asiponielewa anisamehe aendelee.

Kilichonifanya niandike ni msiba. Kiangazi hiki tumemzika Mama Lugano, mjane wa Fundi Asajile aliyenifundisha ushonaji pale Tunduma. Tulimzika kwao, milimani Ileje. Siku ya kumaliza matanga tuliketi jikoni kwake, mimi na Obedi ambaye tulijifunza naye kwa fundi huyo, tukila ndizi za kupika na maharage yaliyobaki sufuriani. Miaka mingi sikuwa nimemwona Obedi. Kichwa chake kimejaa mvi lakini mdomo ni ule ule. Lugano, mtoto pekee wa fundi, ambaye sasa naye ni mama wa watu wazima, akavuta kigoda akakaa mbele yetu. Akasema, "Kaka zangu, mama ameondoka na baba. Yote niliyoyajua ya baba nilikuwa nayapata kwa mama. Mimi mwenyewe nakumbuka kikohozi chake na harufu ya pasi ya mkaa, basi. Nyinyi mlikuwa naye mwaka ule wa mwisho. Niambieni." Obedi akacheka kidogo, akanielekeza kwa kidole chenye mchuzi. "Muulize huyu. Mimi nilikimbilia dhahabu. Huyu ndiye aliyebaki na mkasi." Nikafungua mdomo nikashindwa. Nimekuwa hivyo tangu utoto, maneno hunijaa kifuani, yakifika kooni yanageuka mate. Nikamwambia Lugano kwamba nitaandika, na nimeanza juma hilo hilo. Kwa mtu kama nilivyokuwa mwaka ule, hilo si jambo dogo.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, na Tunduma, iliyokuwa bado mkoa wa Mbeya, ikaanza kuvimba kama unga uliotiwa hamira. Malori yalilala foleni mpaka yakaota majani kwenye matairi, kama alivyopenda kusema Obedi. Mitumba ilikuwa imeanza kuingia kwa marobota, na mafundi wengi walisema ufundi umekufa. Fundi Asajile alisema hapana, nguo ya mtumba imekatwa kwa mwili wa mtu mwingine, siku moja mwenye kuivaa atachoka kujibana. Chumba chake kilikuwa cha mbao na bati, kwenye uchochoro unaotokea mpakani. Mbele kulikuwa na cherehani mbili za miguu, moja yangu na moja ya Obedi. Nyuma kulikuwa na pazia la kitenge, na nyuma ya pazia meza ya kukatia, ndefu, iliyosuguliwa na vitambaa mpaka ikang'aa kama kiti cha kanisani. Mbao za ukuta zilikuwa na nyufa, kwa hiyo mazungumzo ya uchochoroni yaliingia bila hodi: wauza nyanya wakisutana, madereva wakiulizana habari za barabara, akina mama wa Zambia wakipatana bei kwa Kibemba, na kila mmoja akidhani yuko faraghani.

Fundi mwenyewe alikuwa Mndali wa Ileje, mrefu, mwenye kicheko cha ghafla, shati lake limepigwa pasi kila siku na sindano mbili tatu zimechomwa kwenye ukosi. Mimi hakuniita jina. Aliniita Isansa. "We Isansa, mkaa!" "We Isansa, mbona umenyamaza kama umemeza kifungo?" Kazi ya pale ilikuwa na utaratibu wake. Fundi ndiye aliyekata. Alikunja vipande vya nguo moja, akavifunga kwa ukanda mwembamba wa kitambaa kile kile, akatupitishia juu ya pazia, nasi tukashona. Mwanafunzi aliweza kushona mpaka akaota ndevu, lakini asipokabidhiwa mkasi huyo hakuhesabiwa fundi. Nami nilikuja Tunduma nikiwa na nia moja tu, nijue kukata, nirudi Isansa niweke meza yangu mwenyewe. Sikuwa na mpango mwingine duniani.

Mkasi nilikabidhiwa mapema kuliko nilivyotarajia, na huo ndio ukawa msiba wangu. Fundi aliona nashona mstari ulionyooka, akanipa kitambaa cha mwinjilisti mmoja wa jirani, cha rangi ya kahawa iliyokaangwa, nikate suruali. Kitambaa kilikuwa kifupi, hakikukunjika mara mbili kama inavyotakiwa. Ilibidi nikate mguu mmoja mmoja. Nikakata wa kwanza vizuri kabisa. Kisha nikauchukua, nikaulaza juu ya kitambaa kilichobaki kama ulivyo, bila kuugeuza, nikaufuatisha kwa chaki na kukata wa pili. Mtu asiyeshona hataona kosa hapo. Lakini kitambaa kina uso na mgongo, na mguu wa kulia hupatikana kwa kuugeuza wa kushoto, uso utazame uso. Nilipomaliza nilikuwa na miguu miwili ya kushoto, na hakuna nyuzi duniani zinazoweza kutengeneza hilo. Mwinjilisti alikuja akiwa na watu wa kwaya. Obedi akainua vile vipande akasema, "Mwinjilisti, hii utaivaa ukienda kwa Bwana kwa kuzunguka!" Uchochoro mzima ulicheka, mwinjilisti naye alicheka. Fundi hakunigombeza. Alitafuta kitambaa kingine akakata mwenyewe. Lakini mimi nilishakiona kicheko kile kikiingia ndani ya mkono wangu wa kulia na kukaa humo.

Tangu siku hiyo sikukata. Watu hudhani anayeahirisha ni mvivu. Mimi nilikuwa nafanya kazi kuliko wote. Fundi aliponiambia, "Isansa, leo kata hii kaptula," nilianza kwa kufagia. Kisha niliwasha pasi, nikanyoosha kitambaa, nikakinyoosha tena. Nikaunoa mkasi uliokwisha nolewa. Nikapima, nikachora, nikafuta, nikachora, mpaka kitambaa kikawa cheupe kwa chaki. Nikasema mwanga hautoshi, ngoja jua lipande. Jua likipanda nasema macho yamechoka. Kufika saa ya chakula mtu yeyote angeniona nimelowa jasho, na kitambaa bado kizima. Jioni Fundi alikuja, akakitazama, akakata yeye kwa dakika chache huku akipiga mluzi. "Kesho," aliniambia. "Kesho, Mzee," nami nikamjibu, na moyo wangu ukapumua. Lile neno lilikuwa tamu kama uji wa mgonjwa anayepona. Sikujua lilikuwa linalisha nini.

Niseme habari ya chakula, maana humo ndimo jambo lenyewe lilipoonekana. Mama Lugano alituletea mchana, kwenye beseni lililofunikwa kitambaa: ugali, na dagaa wale wa Ziwa Tanganyika ambao Wazambia huwaita kapenta, au maharage, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Tulikula sahani moja, watu watatu nyuma ya pazia. Kwanza Fundi aliacha nyama. Alisema ni meno. Kisha tonge lake likawa dogo, akalichovya kwenye mchuzi mpaka likalegea, akalimeza huku amenyanyua uso juu kama kuku anayekunywa maji. Baada ya kila tonge alikunywa maji. Alilaumu mashine mpya ya kusaga, kwamba unga wake una chenga. Mama Lugano akabadilisha mashine. Akalaumu mahindi. Yale matonge aliyoyaacha tuliyamaliza mimi na Obedi, kwa sababu chakula hakitupwi na sisi tulikuwa vijana. Nikaanza kunenepa. Kulikuwa na mteja wetu Mzambia, mama mmoja mnene mwenye heshima zake, tulimwita Ba Chola, aliyeshonesha magauni ya kuuza kwao. Siku moja alisimama mlangoni akatutazama kwa zamu, akatusalimu kwa Kibemba. "Mulishani, ba Fundi? Iye! Huyu kijana anavimba, nyinyi munaisha. Nani anamushona mwenzake hapa?" Tulicheka sote, na Fundi zaidi yetu, mpaka kikohozi kikamkamata na akageukia ukutani.

Ilikuwa baada ya Pasaka Mama Lugano aliposema mbele ya watu. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, asiyepaza sauti, kwa hiyo alipoweka beseni chini kwa kishindo wote tuligeuka, hata Ba Chola aliyekuwa amekuja kuangalia magauni yake. "Baba Lugano, chakula kinarudi kama kilivyokuja. Twende Mbeya, hospitali." Fundi alijipangusa midomo japo hakuwa amekula. "Nitaenda, mama. Nimekataa? Lakini nikienda nani atakata hapa? Huyu Obedi mdomo wake ndio unaokata, mkono hapana. Nikifunga duka wateja watahamia kwenye mitumba na hawarudi." Akanigeukia, akacheka. "Sikilizeni. Siku Isansa atakapokata suruali moja mpaka mwisho, siku hiyo hiyo napanda basi. Ba Chola, wewe ni shahidi." Ba Chola akapiga kofi. Obedi akasema, "Basi Fundi, tununue jeneza kabisa!" Ulikuwa utani, na hakuna aliyeufikiria. Nimeuandika hapa kwa sababu Obedi mwenyewe, kule jikoni Ileje, aliniambia niuandike. Alisema hajawahi kuusahau.

Kuanzia siku hiyo Mama Lugano hakuniuliza hali tena. Aliweka beseni chini, akanitazama, akasema neno moja, "Umekata?" Nami nikasema, "Bado, mama." Akatikisa kichwa taratibu, akatunawisha mikono. Ningependa angenitukana. Mtu akikutukana unapata mahali pa kushika, unakasirika, unajitetea. Yeye aliuliza kama mtu anayeuliza kama mvua imenyesha shambani kwake. Nami mchana ukikaribia nilianza kuusikia mlio wa kandambili zake uchochoroni kabla hajatokea, na kadiri nilivyousikia ndivyo vidole vyangu vilivyokufa ganzi.

Obedi aliondoka wakati wa baridi. Habari za dhahabu za Mkwajuni zilikuwa zimemchoma masikio, akafunga nguo zake akasema anakwenda kuchimba, akirudi atatushonesha sisi. Nikabaki peke yangu na Fundi. Cherehani ya Obedi ikakaa kimya kando yangu, na katika ule ukimya ndipo nilipomwona Fundi vizuri kwa mara ya kwanza. Shati lilikuwa linaning'inia. Sindano za kwenye ukosi zilikuwa karibu na mfupa. Sasa mchana aliletewa uji tu kwenye kikombe cha bati, naye aliunywa kwa kijiko, akipumzika katikati ya vijiko kama mtu anayepanda mlima. Siku moja Mama Lugano aliniuliza, nikajibu bado, na baada ya kuondoka kwake niliiona ile sahani ya ugali na maharage iliyoletwa kwa ajili yangu mwenyewe, imejaa, nikashindwa kuigusa.

Sikupata ujasiri hapo. Naomba hili lieleweke, kwa sababu nimesikia watu redioni wakisema mtu huamka asubuhi moja ameamua na maisha yanageuka. Mimi sikuamka hivyo. Nilikwenda tu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikaomba mifuko ya saruji iliyokwisha, nikaikung'uta, nikaichana iwe karatasi. Niliona nikikata karatasi hakuna atakayecheka. Kila asubuhi, kabla sijafagia, kabla sijawasha mkaa, nikakata mguu mmoja wa suruali. Hiyo ndiyo sheria pekee niliyojiwekea: mkasi kwanza, ufagio baadaye, kwa sababu nilishajua kwamba ufagio ndio ulikuwa pango langu la kujifichia. Za mwanzo zilikuwa mbaya, mstari unayumba kama njia ya mlevi. Fundi aliziona. Asubuhi moja alisimama nyuma yangu akasema kwa sauti yake iliyokwisha kuwa nyembamba, "Isansa, unaitazama suruali nzima. Nani anaweza kukata suruali nzima? Tazama inchi moja mbele ya mkasi. Ukiimaliza hiyo, kuna nyingine inakungoja." Nimefundisha vijana wengi tangu hapo na sijapata maneno ya kuwapa yaliyo bora kuliko hayo.

Karatasi zikarundikana chini ya meza, na mistari ikanyooka. Siku moja nikaona mkono hautetemeki. Nikamwambia Fundi, kwa shida, kwamba nadhani naweza kitambaa. Alikuwa ameshika kitambaa cha kaptula za shule. Nilinyoosha mkono kuupokea mkasi. Akaurudisha kwake. "Bado," akasema. "Wiki ijayo. Karatasi si kitambaa, Isansa, kitambaa kinateleza." Akakata mwenyewe, na safari hii hakupiga mluzi. Wiki iliyofuata akasema hivyo hivyo. Nilifurahi, siwezi kudanganya, na furaha yenyewe ikanitia wasiwasi, maana nilikuwa naijua ladha ya "wiki ijayo" na sikutegemea kuisikia kwenye mdomo wa mwalimu wangu.

Kisha nikasikia. Mama Lugano alikuwa amempelekea Fundi kikombe cha uji nyuma ya pazia, mimi nipo mbele napiga pindo. Uzi ulikatika, nikainama kuutunga, cherehani ikawa kimya, nao hawakutambua. Mama Lugano alisema, "Mpaka lini, Baba Lugano?" Fundi akasema, "Kijana hajaiva." Mama akasema, "Kijana ameiva. Nimeziona karatasi zake chini ya meza." Nikasikia kijiko kikigusa bati. "Basi mimi ndiye sijaiva," akasema Fundi. "Hapa nilipo mimi ni mtu mwenye koo bovu. Nikifika kule watanipa jina la ugonjwa. Niache nikae kidogo bila jina." Nikakanyaga pedeli haraka, bila uzi kwenye sindano, ili wasijue kwamba nilikuwa nimeacha kushona. Nilikuwa nashona hewa, na machozi yananidondoka kwenye kitambaa cha watu.

Nimeifikiria siku ile kwa miaka mingi. Mimi nilidhani Fundi ananisubiri. Kumbe alikuwa amejificha nyuma ya hofu yangu, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya subira yake. Kila mmoja alikuwa pango la mwenzake. Nilipoendelea kusema bado, nilimpa ruhusa ya kubaki, naye aliposema kesho, alinipa ruhusa ya kubaki. Tulipendana kweli, tulitendeana wema, na kwa wema huo huo tulikuwa tunamwua mmoja wetu.

Siku chache baadaye Fundi alivuka kwenda ng'ambo, Nakonde, kutafuta uzi wa rangi fulani. Mezani kulikuwa na kitambaa cha karani mmoja wa forodha, cha kijivu, kizuri, na kifupi. Hakikukunjika mara mbili. Nilikitazama, na kicheko cha uchochoro mzima kikarudi masikioni. Sikufagia. Sikuwasha pasi. Nilipima kufuatana na vipimo, nikachora mara moja, nikashika mkasi wa Fundi, ambao pete zake zilikuwa zimefungwa matambara ili zisimchubue vidole, na nikatazama inchi moja. Mguu wa kwanza ukatoka. Nikauinua, nikaugeuza, uso ukatazama uso, nikaulaza, nikachora, nikakata. Kisha vipande vya nyuma. Kisha mkanda na mifuko. Nilipomaliza shati langu lilikuwa limenigandama mgongoni, na nilikuwa nimejing'ata mdomo pasipo kujua. Nikavikunja vile vipande, nikavifunga kwa ukanda mwembamba wa kijivu.

Mchana Fundi alikuwa amesharudi na anapumzika kwenye kiti cha Obedi. Mama Lugano akaingia na beseni. "Umekata?" "Nimekata, mama." Alibaki ameinama, beseni mikononi. Fundi akanyoosha mkono, nikampa ule mzigo mdogo. Akaufungua kwenye magoti. Akachukua miguu miwili, akaiweka uso kwa uso, akapitisha kidole gumba pembeni yote, taratibu, mpaka chini. Akaikunja. "Ni kulia na kushoto," akasema. "Vizuri, Isansa. Ndaga, mwanangu, asante. Sasa juma lijalo nikimaliza magauni ya Ba Chola, nitaangalia namna ya..." Nami nikasema, na hii ndiyo sentensi ngumu kuliko zote nilizowahi kuzitoa mdomoni, "Mzee, ulisema siku hiyo hiyo."

Alinitazama. Sikuona hasira. Aliniangalia kama mtu aliyenyang'anywa kigoda wakati anakaa. Nilitaka kuangalia chini, kama kawaida yangu, nikajizuia. Mama Lugano akaweka beseni chini, akatoka, na muda si mrefu akarudi na mfuko wa safari. Baadaye nilijua kwamba ulikuwa umefungwa tangu Pasaka. Fundi akasimama, akachomoa sindano zake kwenye ukosi moja moja, akazichoma kwenye mto wa sindano. "Uzime mkaa vizuri ukifunga," akaniambia. Wakaenda stendi. Sikuwasindikiza. Nilikuwa na suruali ya karani.

Yaliyobaki ni machache. Walikaa Mbeya, wakarudi, na Fundi alikuwa amepewa lile jina aliloliogopa, pamoja na dawa za kutuliza maumivu. Akaomba alazwe mkekani nyuma ya pazia, chini ya meza ya kukatia, badala ya kukaa nyumbani. Alilala pale mchana, nami nikakata juu yake. Vipande vidogo vya nyuzi vilimwangukia usoni, akavipuliza. Hakuweza kuona kazi yangu lakini alisikia mkasi. "Umesimama. Kwa nini umesimama?" "Nafikiria, Mzee." "Ulifikiria ulipochora. Sasa kata." Wakati mwingine alisema, "Hapo umeharakisha," na kweli nilikuwa nimeharakisha. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kola, mikono, bitana na koti zima, kutoka kwa mtu aliyelala chini ya meza na macho yamefumbwa. Lugano alikuwa akija baada ya shule, anakaa kwenye mkeka na kuokota vipande vya nguo kwa ajili ya mwanasesere wake. Huenda hilo amelisahau. Baba yake alimwekea vile vyenye maua.

Mvua za kwanza ziliponyesha alichukuliwa kwenda kwao Ileje. Nilitaka kufunga duka nimfuate, akakataa. Alisema watoto wa watu wanangoja nguo za Krismasi. Habari ilinifikia kupitia dereva mmoja aliyeteremka kutoka milimani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, nami nilikuwa katikati ya mstari mrefu wa gauni. Nilimsikia. Nilimaliza ule mstari kwanza, mpaka mwisho wa kitambaa, ndipo nikaweka mkasi chini.

Miaka ilipita kabla sijaweza kumwuliza Mama Lugano. Nilikuwa nimekwisha weka meza yangu Isansa, nina wanafunzi, nikamtembelea na gauni nililomkatia. Nikamwuliza kama ningekata mapema ingekuwaje. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua uso. Akasema kule hospitali daktari aliuliza lilianza lini. Fundi akajibu juzi juzi. Yeye Mama Lugano akajibu mwaka jana. "Mwaka huo wewe ulikuwa bado uko kwenu, mwanangu. Alikuwa anasubiri paa la nyumba liishe. Kabla ya paa alikuwa anasubiri Obedi aive. Wewe ulikuwa wa mwisho tu katika hao aliowasubiri." Alisema ili nipumzike. Kwa sehemu nilipumzika. Lakini aliye wa mwisho ndiye anayekuwa mlangoni, na mlangoni nilikuwa mimi.

Lugano, dada yangu, huyo ndiye baba yako. Alikuwa mwoga kama mimi, na alicheka kwa namna ya kumfanya mtu asahau kuuliza. Siku aliyopanda basi alipanda kwa miguu yake, na hakutazama nyuma. Wengine mtakaosoma haya sina elimu ya kuwafundisha. Nina ombi moja. Kama kuna mtu unayesema unamngoja, au mtu anayesema anakungoja wewe, nendeni mkaulizane leo nani anaogopa nini. Kisha chukueni kalamu, mniandikie mniambie nani kati yenu aliyetoka pangoni kwanza. Mimi barua huzisoma polepole, lakini nitajibu kila moja.